Kikohozi cha Marehemu

"Nilizungumza na nani mpaka adhuhuri? Na ukuta?"

"Dada, punguza sauti, kuna wateja."

"Wasikie! Simu ilikufa asubuhi, sauti ya mwanangu ikapotea, nikaulaza mkono wa simu hapo mezani nikaenda zangu kubandika chungu. Leo bili inasema niliongea mpaka jua limefika utosini. Redio, hata wizi una staha yake!"

Huyo ni jirani yangu wa ukuta. Akigongea msumari kwake, picha inaanguka kwangu. Na Redio ndiye mimi. Jina nililopewa na wazazi mtaa ulishalisahau, na siwalaumu, maana mimi mwenyewe nikiitwa kwa jina hilo natazama nyuma kuona ni nani anayetafutwa.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnayajua yangu: mume aliyehama na godoro, duka la nguo lililoliwa na maji, na jinsi nilivyoigeuza sebule kuwa chumba cha simu za mtandao, vibanda vya mbao na pazia, watu wakija kuongea na watoto wao walio ng'ambo. Mara ya mwisho niliwaachia Fundi akiwa uvunguni mwa meza yangu anafunga mtambo mpya wa kuhesabu muda, nami nikijipiga kifua kwamba ugomvi wa bili umekwisha.

Umekwisha! Kumbe ulikuwa nje unavua viatu uingie.

"Fundi," nikaita, "njoo umweleze mama huyu, mimi nimeshindwa."

Fundi ni mtu mzima mwenye kipara na subira. Hapandishi sauti hata akipigwa na umeme.

"Mama," akasema, "zamani mtandao ukianguka bila mtu kukata simu, kompyuta ilikuwa haijui. Inaendelea kuhesabu tu, kama teksi iliyosahauliwa mlangoni. Sasa nimeiwekea adabu. Kila baada ya kitambo inapiga hodi pande zote mbili: upo? Ukiitikia, inaendelea. Upande mmoja ukinyamaza, inakata yenyewe, na inahesabu mpaka pale ulipoitikia mara ya mwisho. Hakuna anayelipia kimya cha mtandao."

"Mbona mimi nimelipia?"

"Kwa sababu hukukata."

"Simkati mwanangu!" Jirani akaweka mikono kiunoni. "Nilimkata kitovu, yatosha. Na yeye hanikati mama yake. Tukimaliza naulaza mkono wa simu mezani, na huyu Redio ndiye anayeurudisha mahali pake. Miaka yote ndivyo tufanyavyo."

Ni kweli. Ndivyo wafanyavyo. Ila siku ile sikuurudisha. Nilikuwa na mazungumzo.

"Basi upande wako ulibaki wazi," Fundi akasema. "Na upande wa kule nao uliitikia kila hodi. Yupo. Yupo. Yupo. Mpaka adhuhuri."

Nilihisi maji ya baridi yakishuka mgongoni, na sikuwa nimeoga.

"Ina maana..." jirani akaanza, uso umekunjana.

"Ina maana mashine ni mbovu!" nikadakia. "Dada, hulipi kitu. Kosa ni letu. Yamekwisha."

"Mashine haina ko..." Fundi akasema, nikamkanyaga kidole gumba.

Jirani alinitazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. "Wewe? Wewe uliyenihesabia hata chafya?"

"Leo nimeamka na roho nyeupe."

"Roho nyeupe ya Redio haiji bure," akasema, akajitanda vizuri, akatoka. "Nitaijua tu."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu mtaa mzima ulijua jambo hili isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye lililomhusu.

Mume wa jirani yangu alifariki wakati wa mvua. Mwana wao wa pekee yuko ng'ambo, hana karatasi za ukaazi. Anangoja kuitwa mbele ya maofisa wamuulize maswali yao, wakiridhika wampe, na maisha yake yaanze. Akitoka nchi ile kabla ya kuitwa, mlango unafungwa nyuma yake na haufunguki tena.

"Akisikia baba yake amekufa atapanda ndege siku hiyo hiyo," jirani alituambia siku ya matanga, macho makavu. "Namjua. Nimempoteza mume, sitaki kumpoteza na mtoto. Asiambiwe. Akipata karatasi zake nitamwambia mwenyewe, na anichukie akiwa na karatasi mkononi."

Tukakubali. Nani angekataa?

Tatizo likawa moja: kijana kila wiki humwulizia baba yake.

Ila marehemu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa simu. Enzi za uhai wake aliushika mkono wa simu kama ameshikishwa kichanga cha watu. Anakohoa, anasema, "Haya, mwanangu," anaurudisha kwa mkewe. Basi. Mazungumzo yao yote yalikuwa kikohozi na maneno mawili.

Na marehemu ana mdogo wake, mshona nguo, namwita shemeji. Koo lao moja. Baba kafa, kikohozi kikarithiwa.

Kila wiki shemeji alikuja, akaingia kibandani na jirani, akangoja zamu yake akakohoa. Hata koti la kaka yake alikuwa analivaa, jua liwake lisiwake. Alisema bila koti kikohozi hakitoki sawa.

Tulicheka. Sikatai, tulicheka. Lakini ukitazama vizuri, mtaa mzima tulikuwa tumeibeba maiti ile kwa zamu, tumeinyima kulala.

Siku ile ya bili, sauti ya kijana ilipotea katikati ya maongezi. Jirani akaita weee, akachoka, akaulaza mkono wa simu, akaondoka. Kibandani hakuna mtu. Sebuleni nikabaki mimi, shemeji anavua koti, na mama mmoja mgeni mtaani aliyekuja kupiga simu yake.

"Huyu baba haoni joto?" mgeni akaniuliza.

Jamani, mtu akiniuliza hivyo mimi nifanyeje? Kimya kinaniwasha kama upupu.

Nikamsimulia. Nikamzika marehemu upya toka mwanzo: alivyoanguka akinyoa ndevu, kioo kikavunjikia mkononi, walivyomlaza, waliolia kweli na waliolia kwa macho ya watu. Shemeji akachangia. Hata nikaigiza sauti. Nikafika pale ambapo mzee alimwita mwanawe mpaka koo likakauka, akaomba abebwe kwa kiti aletwe hapa kwangu, apige simu asikie sauti yake. Mkewe akasimama mlangoni akasema hakuna anayetoka na hakuna anayepiga simu.

Pale pale kengele ya shule ya adhuhuri ikalia. Naikumbuka kwa sababu iliniharibia utamu. Nikaisubiri inyamaze. Yaliyofuata nilimnong'oneza yule mgeni sikioni, na hata hapa kwenu sijapata ujasiri wa kuyaandika.

Na hatua tano kutoka kwangu, nyuma ya pazia, mkono wa simu ulikuwa umelala mezani, wazi, unaelekea juu kama sikio.

"Fundi," nikamwambia jirani alipoondoka, "labda kijana aliiacha simu yake mahali akaenda kazini. Si inawezekana? Simu ikajibu hodi peke yake?"

"Inawezekana. Kuitikia hodi ni kazi ya simu, siyo ya mtu. Simu iliyo wazi huitikia hata mwenyewe akiwa amekufa."

"Alhamdu... ah! Basi nimepona."

"Ngoja kwanza." Akavaa miwani, akaisogelea kompyuta. "Simu iliyotelekezwa huwa inakufa tu, kama taa iliyoishiwa mafuta. Hii haikufa. Hii ilikatwa. Upande wa kule mtu alibonyeza kukata."

"Lini?"

"Adhuhuri. Dakika ile ile kengele ya shule yenu huanza kulia."

Nilikuwa nimeshakaa chini.

Kijana ambaye hamkati mama yake alikata. Alikaa kule, akanisikiliza nikimwua baba yake kwa vichekesho, akafika pale mama yake alipokataza simu, akabonyeza.

Toka siku hiyo sebule yangu ilinigeuka. Kila mkono wa simu niliuona unasikiliza. Nikitaka kusema neno, kwanza nazunguka vibanda vyote, naikandamiza mikono ya simu mahali pake kama mtu anayewafumba macho wafu, ndipo nafungua mdomo. Na nikiufungua, hakitoki kitu.

"Redio imeishiwa betri," wateja wakasema.

"Au imepata mchumba."

"Mchumba wa nani na mdomo ule? Labda kiziwi."

Wao wanacheka, mimi nasikia mtu anakohoa kibandani. Nafunua pazia, hakuna mtu. Narudi kukaa, anakohoa tena. Nilimuuliza shemeji kama ni yeye; akasema yeye alikuwa kwenye cherehani yake, na tafadhali nisimtanie kwa mambo hayo, kwa sababu siku hizi kikohozi kinamtoka hata bila koti na hajui anakitoa wapi.

Nilijaribu kumwambia jirani. Mara mbili nilifika mlangoni kwake. Mara zote mbili alinitangulia.

"Redio, karatasi ziko karibu! Mwanangu alisema wiki ile kabla sauti haijapotea: wakati wowote ataitwa. Nikiyavuka haya nitalala kaburini kwa baba yake nimwombe radhi siku nzima."

Ningesema nini? Nilirudi kwangu na neno langu likiwa zima, limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya simu ikafika.

Jirani akaingia kibandani na shemeji, koti juu. Jirani hupenda kufungulia spika, masikio yake yamechoka. Nikasimama nje ya pazia, naomba ile simu isipokelewe.

Ikapokelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba! Hujambo? Mbona siku ile ulipotea?"

"Mtandao, mama. Mlinisikia?"

"Hatukusikia kitu."

"Mimi niliwasikia," akasema.

Nikaushika ukuta.

"Ulisikia nini, mwanangu?"

"Sauti za nyumbani tu. Nipe baba."

Jirani akamsukuma shemeji. Shemeji akakohoa. Kilikuwa kikohozi chenyewe, chote, mpaka ile mikwaruzo ya mwisho.

"Shikamoo baba," kijana akasema taratibu. "Unalala vizuri hapo ulipo?"

Kikohozi.

"Baridi haikusumbui? Maji ya mvua hayakufikii?"

Shemeji akamtazama jirani. Jirani akampungia mkono: kohoa! Akakohoa.

"Waliokulaza, walikulaza vizuri?"

"Nilimlaza mimi mwenyewe," jirani akadakia akicheka, "amekula akashiba, akalala kama mtoto. Maswali gani hayo leo?"

"Nauliza tu, mama. Baba, uliniita?"

Kikohozi hakikutoka. Shemeji alifungua mdomo, akaufunga. Mwishowe akasema yale maneno mawili, kwa sauti ambayo sikujua kama ni yake: "Haya, mwanangu."

Kisha kijana akasema, "Leo nakata mimi, mama."

Na akakata.

"Amenikata!" Jirani alitoka kibandani amekodoa macho. "Mwanangu amenikata! Sijamkosea kitu. Redio, nimemkosea nini?"

"Kazi, dada. Labda aliitwa kazini."

"Na mimi chakula changu kiko jikoni." Akajifuta uso kwa upande wa mtandio. "Shemeji, twende ule. Umefanya kazi leo."

Shemeji alinipita bila kunitazama. Mlangoni akanong'ona, "Yule hakuwa anaongea na mimi. Alikuwa anaongea na kaka, na kaka alimjibu. Wallahi lile neno sikulisema mimi."

Nilibaki na Fundi. Kuna kitu kilikuwa kinanikera, siyo maneno ya kijana, kitu kingine. Nikakaa, nikakitafuta, nikakipata.

Watu wanaofanya kazi hii wanajua. Simu ya ng'ambo neno hutembea. Unasema hujambo, unameza mate, ndipo unajibiwa. Wageni huwa wanagongana maneno, kila mtu anasema "sema wewe", "hapana, sema wewe". Leo hawakugongana hata mara moja. Mama akimaliza, mtoto yuko hapo hapo, kama anaongelea kutoka kibanda cha pili.

"Fundi, hebu nitazamie ile simu. Hodi zilikwendaje?"

Akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ajabu. Wiki zote hodi zilikuwa zinakwenda na kurudi kwa uvivu, ni njia ndefu ile. Leo zinarudi hata kabla hazijaondoka."

"Namba si ile ile?"

"Namba ya mtandao haina nchi. Unaibeba mfukoni popote uendapo."

"Sema kwa lugha yangu."

"Huyo kijana hayuko ng'ambo," Fundi akasema. "Huyo yuko karibu sana."

Niliondoka bila viatu.

Nilimkuta jirani anapakua. Shemeji amekaa mkekani, koti bado mwilini, jasho linamchuruzika na hataki kulivua.

"Karibu, Redio. Umefuata harufu?"

"Dada, nina neno. Ni zito."

"Lako lini lilikuwa jepesi? Kaa."

"Nisikilize. Ile siku ya bili..."

"Si ulisema mashine?"

"Haikuwa mashine. Dada, nisamehe, ilikuwa ni..."

"Hodi."

Upawa ukabaki hewani, mchuzi unadondoka mkekani tone moja moja. Hodi hiyo haikupita kwenye waya wala spika. Ilitoka mlangoni.

Alikuwa amesimama na begi moja begani. Mwembamba kuliko picha zake. Viatu vya nchi ya baridi, vimejaa vumbi letu. Na vumbi jekundu magotini, yote mawili, vumbi la mtu aliyepiga magoti mahali penye udongo uliofukuliwa karibuni. Mimi niliyaona yale magoti. Mama mtu aliuona uso tu.

"Mwanangu!" Akamshika mashavu, akamshika mabega, akamrudisha nyuma amtazame. Furaha ikapanda usoni mwake, ikafika nusu ya njia, ikasimama. "Karatasi? Umezipata?"

"Waliniita, mama."

"Walikuita! Lini?"

"Siku yenyewe ni kesho."

"Kesho..." Alirudia neno lile kama la lugha ngeni. "Kesho, na wewe uko hapa?"

"Niko hapa."

Jirani aliketi pale pale alipokuwa, hakutafuta kiti. Kila uongo alioupika kwa wiki zote hizo, kila kikohozi, vilikuwa kwa ajili ya siku hiyo ya kesho.

Kijana akageuka kwa shemeji. Akalitazama koti. Shemeji alianza kulifungua kifungo cha juu, mkono ukamshinda.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Haikusikika, midomo tu ndiyo iliyocheza.

"Baba yuko wapi?" kijana akauliza. Kwa adabu kabisa, kama mtu aliyechelewa kidogo.

Nilimtazama jirani. Nilisema moyoni: sema sasa, dada, sema, hakuna tena cha kulinda. Lakini uongo ukiuzoea ni kama ngazi za nyumbani, mguu unaujua hata gizani.

"Katoka kidogo," akasema. "Anarudi sasa hivi."

Nikafumba macho.

"Sawa," kijana akasema. "Tutamngoja."

Nilisikia anatua begi. Nilisikia anavua viatu, kimoja, halafu kingine. Nikaanza kurudi nyuma polepole, kisigino changu kimeshagusa kizingiti, nikasema Mungu akinipitisha hapa sifungui tena mdomo maisha yangu.

"Shikamoo, mama mdogo."

Nikafumbua macho. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ma... marahaba, baba."

"Mbona unaondoka? Sauti yako hata usingizini naijua." Akasogea mkekani, akapangusa nafasi kati yake na mama yake, akanivutia sahani. Mama yake alikuwa anatutazama kwa zamu, mimi na yeye, yeye na mimi, na nikaona jambo linaanza kumfikia. "Ingia, mama mdogo, karibu tule. Siku ile ulikuwa unasimulia vizuri. Mimi ndiye niliyekata kabla hujafika mwisho."